Miwani ya Uhalisia Pepe na Maumivu Sugu ya Kiuno

Swali: Mimi ni mwendesha bodaboda hapa Kampala, na kiuno kinaniuma mwaka wa pili sasa. Je, ni kweli kuna miwani inayotibu maumivu haya?

Miwani ipo, nayo huitwa ya uhalisia pepe: hufunika macho na kukuonyesha picha kana kwamba uko mahali pengine, ila hainyooshi pingili za mgongo wala haiponyi mfupa. Novemba 2021, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha miwani ya aina hiyo, kifaa kilichoitwa wakati huo EaseVRx (baadaye RelieVRx), kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya kiuno, yaani yaliyopita miezi 3. Daktari humwandikia mgonjwa, naye hukitumia nyumbani kila siku kwa wiki 8, dakika 2 hadi 16 kwa siku.

Swali: Picha zinapunguzaje maumivu?

Maumivu yakikaa mwilini muda mrefu, ubongo na mishipa ya fahamu huzoea kutoa tahadhari hata pale ambapo jeraha la awali limekwisha kupona. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa, na asikudanganye mtu kwamba unajifanya. Ukivaa miwani, pumzi yako huelekezwa kwenye maikrofoni yake, nawe hufundishwa kuvuta na kutoa hewa taratibu, kutuliza mawazo na kupunguza hofu ya kujongea. Katika utafiti wa watu 179, asilimia 66 ya walioyapata mafunzo hayo walipungukiwa na maumivu kwa zaidi ya asilimia 30, ilhali kwa waliopewa miwani isiyo na mafunzo walikuwa asilimia 41. Baadhi walipata kichefuchefu.

Swali: Nami nisiyeweza kuipata?

Kinachofundishwa humo, sehemu kubwa hakihitaji miwani. Unaposubiri abiria steji, shuka kwenye pikipiki, tembea kidogo, kisha pumua polepole hadi tumbo lipande na kushuka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unapendekeza mazoezi na elimu, na haushauri mikanda ya kiuno wala dawa kali za jamii ya afyuni.

Swali: Nimwone daktari lini?

Miguu ikilegea, sehemu za siri zikifa ganzi, au ukishindwa kuzuia mkojo au choo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo vyaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kinatibika kwa dawa.