Uhumanisti wa kisekula ni nini, na unaachana wapi na Ukristo?

Ukisema "ubinadamu wa kilimwengu" mbele ya wazee wa kanisa kule Urambo, watadhani unawasema walevi. Kwetu mambo ya kilimwengu ni pombe, uzinzi na tamaa ya fedha, yale ambayo mtu akiokoka huambiwa ayaache. Neno linaharibu mazungumzo kabla hayajaanza, ndiyo maana nimeona heri nitumie lile la kukopa: uhumanisti wa kisekula. Maana yake ni kuishi kwa utu, kutenda haki na kuwajali wengine bila kuegemea imani ya Mungu, maandiko matakatifu wala ahadi ya uzima baada ya kifo. Mhumanisti anashikilia kwamba akili, elimu na huruma tulizonazo zinatosha kutuonyesha lililo jema, na kwamba mtu ana thamani kwa kuwa ni mtu, basi.

Si sawa na kutoamini Mungu tu. Asiyeamini anaweza kuwa mkatili asiyejali lolote. Mhumanisti amejifunga kwa wajibu. Mwaka 1952 vyama vya watu wenye msimamo huu vilikutana Amsterdam, vikaunda umoja wao wa kimataifa na kutoa azimio la misingi yao. Wala si sawa na nchi isiyo na dini. Ibara ya 3 ya Katiba yetu inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi "isiyokuwa na dini", na Nyerere, aliyesoma kisha akafundisha hapa Tabora, alikuwa Mkatoliki aliyeishika imani yake. Serikali kutokuwa na dini ni utaratibu wa kuishi pamoja. Uhumanisti ni jibu la mtu binafsi kwa swali la kwa nini amtendee mwenzake wema.

Kwa swali hilo Mkristo naye ana jibu lake. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo ukimdhulumu umemgusa Muumba. Na katika Mathayo 25 Yesu anajiweka mahali pa mwenye njaa, mgeni na mfungwa: "kadiri mlivyomtendea mmojawapo wa hao ndugu zangu walio wadogo, mlinitendea mimi." Nimelelewa katika maneno hayo na bado ndiyo yananiamsha asubuhi.

Lakini tofauti kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye swali la ubaya unatoka wapi. Ukristo unasema unatoka moyoni. Dhambi imo ndani ya kila mmoja, msomi na asiyesoma, hivyo dunia haiwezi kupona pasipo toba na neema. Mhumanisti anatazama zaidi ujinga, umaskini na sheria mbovu, mambo ambayo watu wanaweza kuyarekebisha kwa mikono yao wenyewe.

Niliiona tofauti hiyo kwa karibu kupitia macho ya bibi yangu. Alipika kwa kuni juu ya mafiga matatu ndani ya kijumba kisicho na dirisha, na msimu wa tumbaku alikesha kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, akichochea moto. Jioni angetoka akipangusa machozi kwa ncha ya kanga, macho mekundu kama pilipili. Mikoa ya kwetu, Tabora pamoja na Shinyanga na Mwanza, imeua vikongwe wengi kwa sababu ya wekundu huo, eti ndiyo alama ya uchawi. Mtoto wa jirani alipofariki, minong'ono ikaanza. Mhubiri mmoja mgeni aliyeita watu kwenye mkutano wa maombezi akaikoleza aliposema wachawi wamo humohumo kijijini na Mungu atawafichua. Alitumia Biblia ileile niliyoinukuu hapo juu, na hilo sijalisahau.

Waliosimama upande wa bibi walikuwa wawili. Mwalimu wa sayansi, aliyekuwa ameacha kanisa siku nyingi, aliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji akaeleza moshi wa kuni unavyolifanya jicho. Mwinjilisti wetu wa Moravian hakuwa na mengi ya kueleza. Alichukua mkeka wake, akalala barazani kwa bibi usiku baada ya usiku.

Kazi ya mwalimu ilikuwa kuondoa uongo. Bila yeye, mwinjilisti angelinda kikongwe mmoja huku kijiji kikiendelea kuamini kwamba macho mekundu ni ushahidi. Ila usiku wa kwanza si elimu ile iliyozuia panga, ni mwinjilisti aliyelala barazani.

Historia nayo haimpi yeyote ushindi mwepesi. Ujiji na Tabora zilikuwa kwenye njia ya misafara iliyopeleka watumwa Bagamoyo. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alizunguka Ulaya mwaka 1888 akihubiri dhidi ya biashara hiyo. Wamisionari wake walimkomboa kijana wa Afrika Magharibi, Adrian Atiman, wakamsomesha tiba Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889 na akatibu wagonjwa huko miaka mingi. Alifariki mwaka 1956. Hata hivyo Papa Nicholas V ndiye aliyemruhusu mfalme wa Ureno, mwaka 1452, kuwatia utumwani wasio Wakristo.

Upande wa pili, mwaka 1794 bunge la mapinduzi la Ufaransa lilifuta utumwa katika makoloni kwa jina la haki za binadamu, wala halikungoja kanisa. Lakini Julian Huxley, mwanabiolojia Mwingereza aliyeongoza mkutano ule wa Amsterdam, alitetea mawazo ya kuboresha kizazi cha watu kama mifugo. Sayansi bila ulinzi wa mdogo ilimpeleka huko, kama Biblia bila huruma ilivyompeleka yule mhubiri wetu.

Pande hizi zilikaa meza moja mwaka 1948, lilipoandikwa Tamko la Haki za Binadamu. Wajumbe wa Brazil walitaka itajwe kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Haikupita, na tamko likaacha kila mtu alete msingi wake. Tafsiri ya Kiswahili ya kifungu cha kwanza inasema watu wote "wamejaliwa akili na dhamiri". Wamejaliwa na nani? Tamko halisemi, lakini mzee yeyote wa Kinyamwezi anayekuaga kwa "Mungu akijalia" ameshalisikia jibu ndani ya kitenzi. Na binadamu mwenyewe, kwa asili ya neno, ni mwana wa Adamu, ilhali utu hauna ukoo mwingine isipokuwa mtu. Lugha yetu inayo maneno yote mawili na tunayatumia kwa siku moja bila kugombana.

Baada ya mkutano ule mwalimu na mwinjilisti walikanda udongo pamoja wakamjengea bibi jiko banifu lenye dohani ya kutoa moshi nje. Macho yake hayakurudi kuwa meupe, maana yalikwisha kuharibika. Watoto wa jirani walirudi kuchota maji naye kisimani.