David Baltimore: kutoka maabara ya kinga ya mwili hadi kiti cha rais wa chuo

Mgonjwa anayeanza dawa za kufubaza VVU leo, awe Tanzania, Kenya au Uganda, kwa kawaida hupewa kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za mwanzo zina shabaha moja. Zinakizuia kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kunakili RNA yake, yaani maelekezo yake ya kijenetiki, kuwa DNA ndani ya seli zetu. Kimeng'enya hicho, rivasi transkriptesi, kiligunduliwa mwaka 1970 na watu wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye maabara yake: Howard Temin na David Baltimore. VVU ilikuwa bado haijulikani. Virusi walivyovichunguza vilikuwa vya saratani, vya kuku kwa Temin na vya panya kwa Baltimore.

Nafundisha kinga ya mwili chuo kikuu, na jina la Baltimore halikwepeki darasani. Wanafunzi hukariri Nobeli ya 1975, aliyoipata akiwa na miaka 37 pamoja na Temin na Renato Dulbecco, kisha wanafunga ukurasa. Kwangu mimi sehemu yenye mafunzo zaidi inaanzia hapo, hasa kwa sisi tunaoona watafiti wazuri wakiitwa kuwa wakuu wa idara, wakuu wa vitivo na makamu wakuu wa vyuo.

Baltimore alizaliwa New York mwaka 1938. Alisoma chuo cha Swarthmore, akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mwaka 1964, na mwaka 1968 akaajiriwa na chuo cha MIT. Baada ya Nobeli angeweza kubaki kwenye virusi maisha yake yote na kuheshimiwa. Badala yake akahamia kwenye fani ambayo wenzake walikuwa wameshamtangulia, yaani kinga ya mwili.

Swali lililokuwa likiwasumbua watu wa fani hii ni kubwa. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 tu zinazotengeneza protini, lakini mwili wake unaweza kutoa kingamwili za aina zisizohesabika, zikiwemo za kukabili vimelea ambavyo haujawahi kukutana navyo. Jeni za kingamwili zote hizo zinatoka wapi? Susumu Tonegawa alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba seli B, chembe za damu zinazotengeneza kingamwili, hukata vipande vya DNA yake yenyewe na kuviunga upya, mithili ya fundi cherehani anayetoa mishono mingi kwa vitambaa vichache. Kilichobaki ni kujua nani anashika mkasi. Katika maabara ya Baltimore, David Schatz na Marjorie Oettinger, wakiwa bado wanafunzi wa uzamivu, walizipata jeni zinazofanya kazi hiyo ya kukata: RAG1 mwaka 1989 na RAG2 mwaka 1990. Mtoto anayezaliwa na hitilafu kubwa kwenye mojawapo hukosa seli B na seli T, chembe kuu za kinga, na maambukizi ambayo wenzake huyapona kwa siku chache yanaweza kumuua. Maabara hiyo hiyo ndiyo iliyoeleza NF-kappa B mwaka 1986, protini inayowasha jeni nyingi za uvimbe (inflamesheni) na kinga. Anayesomea baridi yabisi au saratani ya damu atakutana nayo tu.

Wakati huo Baltimore alikuwa tayari kiongozi. Alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Whitehead huko Cambridge, Massachusetts, kuanzia 1982. Mwaka 1986 aliongoza kwa pamoja na Sheldon Wolff kamati iliyoiambia serikali ya Marekani waziwazi kwamba inafanya kidogo mno kuhusu UKIMWI. Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Rockefeller kilipomtaka awe rais wake, hakuna aliyetilia shaka akili yake wala uwezo wake. Shaka ilitoka kwingine.

Mwezi Aprili 1986 jarida la Cell lilichapisha makala kuhusu kingamwili za panya waliopandikizwa jeni. Baltimore alikuwa mmoja wa waandishi. Vipimo vya seli na kingamwili, sehemu ambayo baadaye ilizua maswali, vilifanywa na Thereza Imanishi-Kari. Mtafiti kijana aliyekuwa akifanya kazi kwa Imanishi-Kari, Margot O'Toole, alishindwa kurudia baadhi ya matokeo, akaona kurasa za daftari la maabara ambazo kwa maoni yake hazikulingana na kilichochapishwa. Akauliza. Wakubwa wa vyuo husika wakaangalia na kusema kuna tofauti ya tafsiri, hakuna udanganyifu.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini suala lilifika kwenye Taasisi za Taifa za Afya, kisha kwenye kamati ya Bunge la Marekani chini ya John Dingell, ambako hata wataalamu wa idara ya ulinzi inayojulikana kwa kumlinda rais waliitwa kuchunguza wino na karatasi za madaftari. Baltimore alisimama mbele ya kamati kumtetea mwenzake kwa ukali. Aliona wanasiasa wanaingilia kazi ya sayansi, na aliwaandikia wanasayansi wenzake nchi nzima kuwaonya. Magazeti yakaliita jambo lote kwa jina lake, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kutuhumiwa kughushi chochote.

Alianza kazi ya urais Rockefeller Julai 1990, huku baadhi ya maprofesa wakimpinga tangu siku ya kwanza kwa sababu ya kesi hiyo. Alichokifanya pale kilikuwa kizuri: alitaka watafiti vijana wawe na maabara na uhuru wao, wasibaki chini ya kivuli cha profesa mkuu. Mwaka 1991 rasimu ya ripoti ya uchunguzi ikavuja, ikisema data zilighushiwa. Baltimore aliomba makala iondolewe, akamwomba radhi O'Toole hadharani kwa kutofuatilia mashaka yake kwa nguvu ya kutosha, na akausifu ujasiri wake. Ilikuwa imechelewa. Desemba mwaka huo alitangaza kujiuzulu.

Mwaka 1994 Imanishi-Kari alipatikana na hatia ya makosa 19 ya kitaaluma. Akakata rufaa, na Juni 1996 jopo la rufaa likamwondolea yote. Miaka kumi ilikuwa imepita.

Kuna wanaosimulia kisa hiki kama ushindi wa Baltimore: alisema hakuna udanganyifu, na mwishowe jopo likakubaliana naye. Mimi sikubali kuishia hapo. Kwenye swali la udanganyifu alikuwa sahihi, na bado alilishughulikia vibaya kama kiongozi. Mtafiti wa ngazi ya chini anapoleta daftari na kusema namba hizi sizielewi, anakupa kitu ambacho hakuna mhariri wa jarida anayeweza kukupa, kwa kuwa yeye ameiona kazi kutoka ndani. Kumjibu kupitia heshima ya mkubwa wake ni kumwacha peke yake. O'Toole alipoteza miaka ya kazi, Imanishi-Kari naye pia, na wote wawili walistahili uchunguzi wa utulivu wenye kanuni zinazojulikana mwanzoni, siyo mbele ya kamera za Bunge. Kila ninapokagua daftari la mwanafunzi, na kuona tarehe imeachwa au ukurasa umebandikwa bila maelezo, nawaza kwamba ni mambo madogo ya aina hii yaliyosababisha hayo yote.

Baltimore alirudi MIT mwaka 1994. Mwishoni mwa 1996 akapewa kamati ya kuelekeza utafiti wa chanjo ya UKIMWI, na mwaka 1997 chuo cha Caltech huko California wakamchagua kuwa rais. Uamuzi wao nauheshimu sana. Walimchukua mtu aliyewahi kuanguka mbele ya dunia nzima, wakampa chuo kidogo chenye fahari kubwa ya fizikia, ambacho pia husimamia maabara ya vyombo vya anga ya JPL kwa niaba ya NASA, shirika la anga la Marekani. Mwanabiolojia katikati ya wanafizikia na wahandisi alilazimika kuuliza maswali mengi kuliko kutoa amri, na nadhani hilo lilimsaidia. Alikaa hadi 2006. Katika kipindi chake Gordon Moore, mwanzilishi mwenza wa Intel, mkewe Betty na mfuko wao waliahidi dola milioni 600 mwaka 2001, msaada mkubwa kuliko wowote ambao chuo kilikuwa kimepata hadi wakati huo, na magari ya Spirit na Opportunity yalitua Mars Januari 2004.

Na muda wote huo hakufunga maabara. Jambo hili nalitilia mkazo kwa sababu kwetu cheo mara nyingi huua utafiti: ofisi inapanuka, jokofu la sampuli linazimwa, wanafunzi wa uzamili wanahamishiwa kwa mwingine. Kuendesha vyote viwili kunahitaji chuo kilichokubali tangu mwanzo kwamba rais wake ana siku za maabara, na kunahitaji watafiti waandamizi wa kuaminika wanaoshika usukani akiwa kwenye vikao. Bila hayo mawili, kumlaumu mtu binafsi ni kumwonea.

Wazo alilolishughulikia mwishoni ndilo linalonivutia zaidi. Chanjo ya VVU imeshindikana kwa sababu ni vigumu kuufundisha mwili kutoa zile kingamwili adimu zinazozuia aina nyingi za kirusi. Baltimore na Alejandro Balazs wakauliza: kwa nini tuufundishe? Walichukua jeni ya kingamwili iliyokwisha kujulikana, wakaiweka ndani ya kirusi kisicho na madhara, wakakichoma kwenye msuli. Mwaka 2011 walionyesha kwamba panya waliopewa jeni hiyo walitengeneza kingamwili wenyewe na wakakingwa dhidi ya VVU. Maabara ilifungwa mwaka 2019, na Baltimore akafariki Septemba 2025 akiwa na miaka 87. Jaribio la mbinu kama hiyo kwa watu wachache wanaoishi na VVU, lililochapishwa 2022, lilionyesha kwamba msuli wa binadamu nao unaweza kuitoa kingamwili hiyo kwa muda mrefu. Kwa baadhi yao, hata hivyo, mwili uliitambua kuwa mgeni na kutengeneza kingamwili za kuipinga, na hapo ndipo kazi ilipo sasa.