Haidroksiurea si sumu kwa mgonjwa wa selimundu

Mtu mzima mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, akisikia kwamba haidroksiurea ni dawa ya saratani, mara nyingi huikataa. Wapo hata matabibu wanaosita kuiandika, wakamrudisha nyumbani na vitamini ya foliki asidi na dawa za maumivu tu.

Ni kweli hutumika kwa baadhi ya saratani za damu. Kwenye selimundu, huusukuma mwili utengeneze zaidi himoglobini F, aina ya protini ya damu inayobeba oksijeni, ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama, nayo huzuia chembe nyekundu kujikunja kama mundu. Mwaka 1995, utafiti wa watu wazima 299 wa Marekani na Kanada ulionyesha vipindi vya maumivu makali vikipungua karibu nusu. Marekani iliidhinisha mwaka 1998, na ilianza na watu wazima, si watoto!

Tahadhari zipo. Hushusha chembe nyeupe, hivyo damu hupimwa mara kwa mara. Anayepanga ujauzito, mke au mume, amweleze daktari kwanza. Tena haitulizi maumivu ya leo. Humezwa kila siku, na nafuu huchukua miezi kuonekana.