Je, wajua kwa nini trekta linalovuta gogo huweza kupinduka kinyumenyume?

Asiyewahi kuona hudhani ni chumvi tu: trekta la tani 3 linasimama wima na kumlalia dereva wake, tena kwenye ardhi tambarare. Hapakuwa na mteremko wala shimo. Palikuwa na gogo lililokwama kwenye kisiki, na mnyororo uliofungwa mahali pasipofaa.

Chanzo ni ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma. Injini inapozungusha magurudumu kwenda mbele, nguvu ileile husukuma mwili wa trekta uzunguke kurudi nyuma. Kwa kawaida hatulioni hilo, maana gurudumu likizunguka trekta huenda zake. Lakini gogo likigoma na tairi zikawa zimeng'ang'ania ardhi, magurudumu hayana pa kwenda, na kinachobaki kuzunguka ni trekta lenyewe. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, magurudumu ya mbele yanaachana na udongo, na kabla ya sekunde 1 kwisha pua imefika mahali ambapo hairudi tena. Mguu haujafika hata kwenye klachi.

Hapo ndipo mahali pa kufunga mnyororo panapoamua uhai wa mtu. Ukifungwa chini, kwenye chuma cha kukokotea kilicho chini ya ekseli, pua ikianza kuinuka chuma hicho hushuka kuelekea ardhini, na gogo linapoteza nguvu ya kulipindua trekta. Ukifungwa kwenye ekseli au juu yake, hakuna nafuu hiyo. Kwa hiyo anayefunga juu "ili gogo liinuke kidogo" anajichimbia kaburi.

Winchi, yaani mashine ya kuvuta gogo kwa waya, inabadilisha mchezo wote kwa sababu trekta haliendi. Linaegeshwa, breki ya mkono inavutwa, na gogo ndilo linaloletwa. Mashine yenyewe ni fremu ya chuma iliyobebwa na mikono mitatu ya nyuma ya trekta: ina dramu ya kukunjia waya, klachi, breki, wavu wa kumkinga dereva, na chini kabisa bamba pana. Dramu huendeshwa na shafti ya PTO, yaani ile inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta, ambayo kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Shafti isiyo na kifuniko isitumike kazini, maana nguo ikinaswa humvuta mwenyewe.

Bamba lile ndilo moyo wa usalama. Likishushwa hukita ardhini kama nanga, na waya unapokaza hulizamisha zaidi. Tena huhamisha egemeo: badala ya trekta kuegemea ekseli, sasa linaegemea bamba lililo nyuma zaidi, na uzito wake wote uko mbele ya egemeo hilo ukiikandamiza pua. Hata hivyo, ulinzi huo ni wa mvuto ulionyooka nyuma ya trekta. Ukivuta kutoka ubavuni, trekta linaweza kulala upande, kwani upana wake ni mdogo kuliko urefu wake.

Gogo likiwa pembeni, tumia kapi lililofungwa kwenye mti au kisiki imara ili waya upinde kona. Hapa watu wengi hawapigi hesabu. Waya unaovuta kwa tani 4 ukipinda kona ya mraba, mkanda unaoshika kapi unabeba karibu tani 5.7. Ukigeuka na kurudi ulikotoka, mkanda unabeba tani 8. Kamba hukatika pabovu, na mara nyingi pabovu ni mkanda huo. Ukikatika, waya hunyooka kwa kishindo kama upote wa upinde ulioachiwa, ukifyeka kila kilicho ndani ya ile kona. Usisimame humo hata kwa dakika moja, hata kama ndipo unapoliona gogo vizuri zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mwanafunzi wa kazi hii alione kwa macho yake. Mwanzoni, waya ukiwa umetolewa karibu wote, dramu ni nyembamba, kwa hiyo inavuta kwa nguvu nyingi na polepole. Kadiri waya unavyojikunja, dramu hunenepa, nguvu hupungua na mwendo huongezeka. Maana yake gogo huja kasi zaidi pale linapokaribia trekta. Punguza mafuta mapema, na pasiwe na mtu kati ya gogo na bamba. Waya ukijikunja vibaya, usiupange kwa mkono unapozunguka. Nyuzi zake zilizokatika hutoboa hata glavu ya ngozi, na zikishika glavu hazimwachii mwenye mkono.

Gogo likifika, inua ncha yake kiasi cha kutogusa ardhi, ishike kwa mnyororo kwenye nafasi zilizochongwa kwenye bamba, kisha inua winchi. Sasa trekta linaweza kuondoka, polepole, huku ukiangalia visiki vya mbele na mkia wa gogo nyuma. Mkia ukinasa, simama, shuka, ulegeze mnyororo, na uvute tena kwa winchi.