Meno ya Kahawia Nakuru: Maswali Kuhusu Floraidi Majini

Nimezaliwa Nakuru. Meno yangu ni ya kahawia hata nikipiga mswaki mara tatu kwa siku. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, aina ya madini, na maji ya visima virefu huiyeyusha polepole huko chini. Floraidi kidogo hulinda meno. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, huharibu jino lingali linaumbika ndani ya ufizi, hadi mtoto afike takriban miaka 8. Ndiyo maana aliyehamia Nakuru ukubwani hapati madoa hayo. (Nanyi mnaosugua kwa mkaa na chumvi, acheni: mnakwangua jino lenyewe.)

Ni meno tu?

La. Ikiwa nyingi mno kwa miaka mingi, hujikusanya mifupani na viungo hukakamaa.

Mimi huchemsha maji. Haitoshi?

Haitoshi. Moto na klorini huua vijidudu, lakini floraidi si kiumbe hai hata ife. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani, na kila kikombe huwa nayo zaidi.

Jiji lina njia gani za kuipunguza?

Mojawapo ni kuchanganya maji ya visima na ya mito, ambayo kwa kawaida huwa na floraidi kidogo. Bwawa la Itare kule Kuresoi lilikusudiwa kuleta maji ya aina hiyo. Ujenzi ukakwama mwaka 2018. Nyingine ni kuchuja. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imetengeneza kwa miaka mingi chujio za mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa huchomwa kwa hewa haba, kisha mkaa wake hunasa floraidi maji yakipita. Ila mkaa hushiba. Usipobadilishwa, unabaki na ndoo ya mapambo tu jikoni, kwa hiyo uliza maji yake yalipimwa lini mara ya mwisho.

Nina mtoto wa mwaka mmoja. Nifanye nini leo?

Kinga maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi. Acha manyunyu ya kwanza yaoshe mabati, kisha ujaze mtungi. Yachemshe, uyaweke kwa kunywa na uji wake. Ya kisima fulia na kuogea. Dawa ya meno, ambayo nayo huwa na floraidi, iwe kama punje ya mchele.