Kulainisha shaba kwa moto: kutoka paipu ya friji hadi ganda la risasi

Fundi wa friji mmoja wa Kondele, Kisumu, alinifunza jambo hili bila kulitaja kwa jina. Alikuwa akitengeneza friza ya mama muuza samaki, na alitaka kupanua mdomo wa paipu ya kopa, yaani shaba, uwe kama tarumbeta ili nati ibane. Mdomo ukapasuka. Akakata, akajaribu tena, ukapasuka tena. Paipu yenyewe ilikuwa imetolewa kwenye friji kuukuu, imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Akawasha tochi ya gesi, akapitisha moto kwenye ncha hadi ikapata wekundu hafifu, kisha akaichovya kwenye debe la maji.

Nikamwambia, "Fundi, sasa si umeifanya ngumu zaidi?"

Akacheka. "Hiyo ni chuma, ndugu yangu. Kopa haijui maji."

Mara ya tatu mdomo ulifunguka vizuri.

Alichofanya ndicho kulainisha kwa moto: kuipasha metali iliyokakamaa hadi irudishe ulaini wake. Kukakamaa kwenyewe unaweza kukuhisi mkononi. Chukua kipande cha waya wa stima, uchune plastiki, ukunje shaba iliyo ndani. Mkunjo wa kwanza ni rahisi. Ukiukunja na kuukunjua mahali palepale, unaanza kukaidi, na mwishowe unakatika. Shaba imejengwa kwa punje ndogo sana, na ndani ya kila punje matabaka huteleza unapoikunja. Kila mkunjo huacha vikwazo vidogo ndani yake, navyo hurundikana na kuzuiana kama matatu za Kondele jioni, kila moja imeizibia nyingine. Hapo shaba haitelezi tena; ikilazimishwa, inapasuka. Moto huzifanya punje mpya zijijenge mahali pa zile zilizovurugika, nao msongamano unakwisha.

Kuhusu debe la maji, nilikuwa nimechanganya mambo. Mhunzi anayetengeneza panga huzamisha chuma cha pua kikiwa chekundu ili kiwe kigumu, kwa sababu kaboni iliyomo hunaswa ndani kinapopoa ghafla. Shaba haina habari hiyo. Ukiipoza kwa maji au ukiiacha ipoe yenyewe, ulaini ni uleule. Maji yalikuwa ya kumwezesha fundi aishike mapema.

Mahali ambapo dhana hii hupimwa kwa ukali kuliko friji yoyote ni kwenye ganda la risasi ya bunduki ndefu. Ganda hilo ni la shaba ya manjano, mchanganyiko wa takriban asilimia 70 ya kopa na asilimia 30 ya zinki. Risasi inapolipuka, ganda hutanuka na kubana kuta za chumba cha bunduki ili gesi isirudi nyuma, kisha hunywea kidogo ili litoke. Marekani, wapiga shabaha wengi huyaokota maganda yao, huyarudisha kwenye kipimo kwa kuyasukuma ndani ya kalibu ya chuma, na kuyajaza upya. Kutanuka, kubanwa, kutanuka, kubanwa: ni ule waya wetu unaokunjwa na kukunjuliwa.

Shingo ya ganda ndiyo huteseka zaidi, na ndiyo inayoshika kichwa cha risasi, ile sehemu inayoruka. Shingo iliyokakamaa hukataa kubaki pale kalibu ilipoiacha, hurudi nyuma kidogo kama springi, kila ganda kwa kiasi chake. Basi ganda moja hushika kichwa kwa nguvu, jingine kwa ulegevu, na mwendo wa risasi hutofautiana. Kwa umbali mfupi huwezi kuona. Mbali, ile yenye mwendo mdogo hugonga chini. Ndiyo maana mpiga shabaha makini huhangaika na mambo yanayoonekana ya kipuuzi: kupima urefu wa kila ganda, kukwangua kingo kali za mdomo, na kuyatenga yaliyofyatuliwa mara mbili na yaliyofyatuliwa mara tano. Anachotafuta ni maganda yanayofanana, na moto wa shingoni ni njia mojawapo ya kuyafananisha.

Lakini moto huo ni wa shingo na mabega tu, yaani pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingoni. Kitako lazima kibaki kigumu. Shinikizo ndani ya ganda kubwa laweza kupita pauni 60,000 kwa inchi mraba, huku gurudumu la Probox likiwa na kama 35. Kitako kilicholainishwa kikikubali shinikizo hilo, gesi hutoka karibu na uso wa anayelenga. Na moto ukizidi hata shingoni, shaba hulegea kupita kiasi na haishiki kitu. Kwa hivyo hii si kazi ya kukisia kwa tochi. Kwetu Kenya si kazi ya uani hata kidogo, maana kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kiwanda cha serikali cha risasi kiko Eldoret.

Kuna kisa kingine kinachoonyesha kuwa moto huu si wa ulaini peke yake. Karne ya 19, jeshi la Uingereza lilikuwa India, na maganda yake yalipasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua, bila mtu kuyagusa. Jibu kamili lilipatikana mwaka 1921. Ganda lililovutwa kiwandani hubaki na mvutano uliojificha ndani, nayo amonia, gesi ya harufu kali iliyotoka kwenye mikojo ya farasi waliofugwa karibu, ilikuwa ikiupenya mvutano huo hadi shaba ikaachia ufa. Dawa ilikuwa kupasha ganda moto wa kiasi ili mvutano uondoke. Mwenye zizi nyuma ya nyumba ataijua hiyo harufu.

Maganda ya kijeshi hata leo mara nyingi huwa na doa la buluu na zambarau shingoni, na wengi hudhani ni uchafu au kutu. Ni alama ya moto tu, imeachwa makusudi ili mkaguzi aone kuwa kazi imefanywa. Maganda ya kiraia hupitia moto uleule, ila husuguliwa yang'ae kabla ya kufika dukani.