Picha za ukutani kanisani: maana ya fresko na sekko

Picha ya ukutani haitundikwi msumarini. Imechorwa juu ya lipu yenyewe, na ukuta ukianguka, nayo imekwenda. Katika zama za kati, makanisa ya parokia ya Uingereza yalijaa picha za namna hii, kwani waumini wengi hawakujua kusoma na misa iliendeshwa kwa Kilatini.

Fresko huchorwa lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa hunyonya hewa ya ukaa, hugeuka jiwe taratibu, na rangi hunaswa humo humo. Kwa hiyo fundi hupiga lipu kipande anachoweza kukimaliza siku hiyo tu. Sekko huchorwa kwenye ukuta mkavu, rangi ikishikizwa kwa gundi au maji ya chokaa. Hubanduka upesi zaidi, na picha nyingi za Uingereza ni za aina hii.

Mfano unaonigusa kuliko yote uko katika kanisa la Chaldon, mkoa wa Surrey, kusini mwa Uingereza. Ukuta wa magharibi una picha ya mwaka 1200 hivi, upana wake mita 5 na kimo zaidi ya mita 3. Watu wake ni weupe, nyuma yao kumetanda wekundu wa ngeu. Katikati imesimama ngazi. Roho zinaipanda, nyingine zinaporomoka. Juu, Malaika Mkuu Mikaeli anapima roho kwa mizani. Chini, mla riba ameketi motoni na mifuko yake ya fedha, na mafundi waliopunja wateja wanavuka daraja la miiba. Mkulima aliyesimama pale hakuhitaji kufafanuliwa.

Baada ya Matengenezo ya Kanisa, yaani mageuzi ya Waprotestanti, picha kama hizi zilionekana ibada ya sanamu, zikapakwa chokaa. Chokaa hiyo ndiyo iliyozikinga na moshi, mwanga na mikono ya watu. Mwaka 1869 kuta za Chaldon zilikuwa zikisafishwa zipakwe upya, paroko akaona dalili za rangi, akasimamisha kazi.

Wapo wahifadhi wa zamani waliopaka picha nta wakitaka zing'ae. Nta iliziba unyevu ndani ya ukuta, chumvi ikasukuma rangi nje, na wa baadaye ikawabidi waitoe kidogo kidogo. Siku hizi, kabla ya kugusa picha, wahifadhi huanza kukagua paa na mifereji ya maji ya mvua.